Jinsi Nyota ya Mbaruku Ilivyozimwa

Aliye karibu anyamaze, aliye mbali asogee, nianze.

Mishi binti Kheri alikuwa mshonaji wa kanzu, mwanamke wa maneno machache na hasira ya kukaa. Mumewe, Mbaruku, alikuwa fundi seremala. Waliishi vizuri, kwa jinsi majirani walivyoona: hawakusikika wakigombana, wala hawakulala njaa. Basi asubuhi moja Mbaruku alifagia ua, akajaza mitungi maji, akavaa viatu, akamwambia mkewe, "Mishi, nyota yangu inanivuta. Si mimi." Akatoka, na hakurudi.

Kilichomkaa Mishi rohoni si kule kuondoka. Watu huondoka. Kilichomkaa ni yale maneno ya mwisho. Alikuwa akishona, sindano ikifika katikati ya kola, anayasikia tena: si mimi. Kama si wewe, ni nani? Miaka ikapita akiwa na swali hilo hilo. Aliposikia kwamba mumewe yuko Burujini, ile nchi ya nyuma ya milima inayotawaliwa na wanajimu, aliifunika cherehani yake kwa kitambaa, akaenda. Hakwenda kumrudisha, au ndivyo alivyojiambia. Alikwenda kumkalisha mbele yake, amwulize kwa nini, naye ajibu kwa kinywa chake.

Burujini kitu cha kwanza alichokiona ni anga. Jua la kule lipo, lakini ni hafifu, kama taa inayokaribia kuishiwa mafuta, wala haliwezi kuzifukuza nyota. Saa sita mchana mtu akiinua kichwa anaziona zote, nyeupe, zimetulia. Na si kila mahali pana nyota. Pana mapengo, meusi tititi, kama kinywa kilichong'olewa meno. Mishi aliyatazama mapengo yale mpaka akahisi kwamba ndiyo yanayomtazama yeye, akashusha macho.

Langoni alipokewa na mlinzi, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole.

"Karibu, bibi. Umetakwaje leo?"

Mishi hakuelewa. "Nimekuja kumtafuta mume wangu. Nataka nimwone ili..."

Mlinzi aliweka kiganja juu ya midomo ya Mishi, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. "Mgeni husamehewa mara ya kwanza," alisema. "Neno hilo hapa hatulisemi mbele za watu. Hapa hakuna mtu anayetaka. Kila mmoja ana nyota yake juu, nyota ndiyo inayotaka, sisi tunatakwa. Kwa hiyo utasema: imetakwa nije. Hebu jaribu."

"Imetakwa nije," Mishi akasema.

"Umeona? Halina uzito."

Na kweli, halikuwa na uzito. Mishi alishangaa jinsi lilivyomtoka kinywani bila kumgusa popote. Mlinzi akamwuliza siku aliyozaliwa, hakungoja jibu, akamwonyesha nyota ndogo nyekundu juu ya paa la soko. "Ile haikuwa na mtu. Inaitwa Msumari. Kuanzia sasa lolote utakalolifanya hapa ni lake. Pita."

Mji ulikuwa safi na wa kimya. Sokoni Mishi alimkuta mwuza maharage na mnunuzi wamesimama uso kwa uso bila kusema neno, kwa sababu nyota ya mnunuzi ilikuwa imejificha nyuma ya mnara, na mpaka itokeze hakuna aliyejua kama maharage yale yalikuwa yanatakwa au la. Mtu mwingine alichukua samaki wa kukaanga kwenye sinia la jirani yake, akamla mpaka miiba. Mwenye samaki alitazama juu, akatikisa kichwa kuilaumu anga, wakaendelea kuzungumza kama ndugu.

Waliomtia baridi ni watoto. Watoto wachanga walilazwa chali uani, macho wazi, na hakuna aliyelia. Mishi alimwuliza mama mmoja kama wale watoto ni wagonjwa. Mama akacheka kidogo. "Wanalia siku za mwanzo," alisema. "Mtoto akilia tunangoja nyota yake ipande ndipo tumnyonyeshe. Hulia, hulia, kisha anaelewa kwamba si yeye."

Alionyeshwa nyumba ya Mbaruku bila shida. Alipobisha, mlango ulifunguliwa na Mbaruku mwenyewe. Alikuwa amenenepa kidogo, na uso wake ulikuwa laini, umepoteza ile mikunjo aliyokuwa nayo kati ya nyusi kila alipopima ubao. Alimtambua mara moja. Hakushtuka, hakuona haya.

"Mishi," alisema. "Umetakwa salama?"

"Mbaruku, nimekuja kukuuliza jambo moja. Kwa nini uliondoka?"

"Ilitakwa."

"Na nani?"

Akamwonyesha, kwa kidole, nyota kubwa yenye weupe wa maziwa juu ya kichwa chake. Alifanya hivyo kwa adabu, kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa mzee wa nyumba. Nyuma yake alitokea mwanamke mwembamba aliyefunga kanga kifuani, mikono yake ina unga. Huyo alikuwa Ghanima. Mbaruku alieleza kwamba nyota ya Ghanima na yake zilipitana karibu mwaka ule aliofika, kwa hiyo wakawekwa pamoja. Ghanima alimkaribisha Mishi chakula. Wakala watu watatu, mke, mume na mke, na hakuna aliyeona ajabu isipokuwa Mishi.

"Unampenda?" alimwuliza Ghanima, Mbaruku alipokwenda kunawa.

Ghanima alifikiri. "Nyota yangu haijahama," alijibu. Lakini alipokuwa akisema alikuwa ameshika bakuli alimokula Mbaruku, na hakuliweka chini.

Siku zilizofuata Mishi alirudi tena na tena na swali lake. Kila mara alijibiwa kwa upole ule ule, uso ule ule laini. Angetukanwa angeridhika. Angeambiwa kwamba alichosha, kwamba alikuwa mkali, kwamba mikono yake ilinuka mafuta ya cherehani, angelia na kwenda zake. Badala yake alionyeshwa anga. Hasira aliyokuja nayo ikazidi kuchacha.

Ndipo alipokwenda kwa Bwana Khelef, mnajimu mkuu, kushtaki.

Khelef alikuwa mtu mzima, mrefu, mwenye tabia ya kunyamaza kabla ya kila jibu kana kwamba anasikiliza mtu aliye chumba cha pili. Alimsikiliza Mishi mpaka mwisho. "Mtu hatuwezi kumshtaki," alisema. "Mtu hana alichokifanya. Lakini nyota yake inaweza kushtakiwa. Tumeshahukumu nyingi." Akainua macho juu, na Mishi akayaelewa yale mapengo.

Walikwenda pamoja kwa miguu mpaka kwenye Baraza la Anga. Njiani walipita kando ya nyumba ndefu iliyopakwa chokaa, mlango wake umeegeshwa tu. Katika upenyo wa chini Mishi aliona miguu. Ilikuwa miguu mingi, mitupu, misafi, imepangwa kwa mstari, nyayo zimekaa sawasawa sakafuni, wala haikusogea. Ndani hakukohoa mtu.

"Ni akina nani humo?"

"Watu wetu wanaopumzika."

"Wamechoshwa na nini?"

Khelef alisimama. "Ukitakwa uchungulie, chungulia. Mlango haufungwi."

Mishi aliutazama ule upenyo. Kisha akasema jua linakwenda, watachelewa. Wakaendelea na safari.

Baraza lilikuwa uwanja wa wazi wenye ngazi za mawe pande zote, na mji mzima ulikuwa umeshakaa. Kabla ya shauri la Mishi lilikuwepo jingine la zamani, kati ya madhehebu mawili ya wanajimu. Wa kwanza, Wasukumwa, walifundisha kwamba nyota humsukuma mtu kwa nyuma. Wa pili, Wavutwa, walifundisha kwamba humvuta kwa mbele. Mzee mmoja wa Wasukumwa alitoa hoja kwamba mtu anapojikwaa huanguka kifudifudi, na huo ni ushahidi wa kusukumwa. Mvutwa mmoja akajibu kwamba hata ng'ombe anayevutwa kamba huanguka kifudifudi. Msukumwa akamzaba kofi. Aliyezabwa alishika shavu, akamwomba Khelef aandikishe shauri dhidi ya nyota ya mwenzake, na yule aliyezaba akaunga mkono ombi hilo kwa moyo wote, akiongeza kwamba nyota yake imekuwa ikimsumbua tangu ujana. Hakuna aliyecheka. Shauri likaahirishwa.

Mbaruku aliitwa, akasimama katikati. Ghanima alibaki ngazi ya chini. Mishi aliambiwa aseme.

"Mimi sina haja na nyota," alisema. "Namwomba mtu huyu aseme kwa nini aliniacha. Neno moja tu la kwake. Nitaondoka leo leo."

Khelef akamgeukia Mbaruku. "Una neno la kwako?"

Mbaruku alitabasamu. Alifikiri kweli, ilionekana kwamba anatafuta ndani, kama mtu anayepapasa mfuko mtupu. "Pole sana, Mishi," alisema. "Ilitakwa."

Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani ya Mishi. Khelef alimwuliza kwa sauti tulivu, "Je, nyota ile ikizimwa, itaridhiwa?" Uwanja mzima ulikuwa unamtazama bila chuki na bila huruma. Mishi alifahamu, katika nafasi ndogo isiyozidi pumzi moja, kwamba angeweza kusema hapana. Aliikumbuka na ile miguu. Lakini papo hapo aliona kwamba hahitaji kusema ndiyo. Kulikuwa na njia ya tatu, laini, na mji mzima ulikuwa unapita humo kila siku.

"Nyota yangu inataka ile izimwe," alisema Mishi.

Maneno yalimtoka bila kumgusa popote.

Khelef aliinuka. Watu wote wakainuka, wakaelekeza nyuso zao juu kwenye ile nyota yenye weupe wa maziwa. Hapakuwa na ngoma wala ubani. Khelef alisema, "Hatukuoni." Na watu, kwa sauti moja isiyo kubwa, wakasema, "Hatukuoni." Walirudia, na kila waliporudia nyota ilipungua, kama kaa linalofunikwa majivu. Mishi alijikuta midomo yake inasema pamoja nao. Mara pale juu pakawa pengo.

Mbaruku alikuwa ameinua mkono kujikuna shingo. Mkono uliishia njiani. Hakuanguka, hakufumba macho. Alisimama vile vile, vidole vimekunjwa karibu na shingo isiyofikiwa, mpaka wahudumu wawili walipokuja kumshusha mkono na kumwongoza kwenye ile nyumba ya chokaa.

Watu walikuja kumpongeza Mishi. Walisema Msumari ni nyota ndogo lakini ina nguvu. Mama mmoja aliomba mtoto wake aguswe naye.

Kesho yake Mishi aliusukuma ule mlango usiofungwa. Walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, wanaume kwa wanawake, mikono mapajani. Wahudumu walipita na sufuria ya uji. Kijiko kikifika mdomoni, mdomo unafunguka, unameza, unafunga. Hakuna aliyekuwa na huzuni. Hakukuwa na mtu wa kuwa nayo. Nzi alitembea juu ya jicho la mzee mmoja, likabaki wazi.

Mbele ya Mbaruku alikuwa amepiga magoti Ghanima. Hakuwa analia. Alikuwa ameshika upindo wa mkono wa shati la Mbaruku, ameukunja ndani ya ngumi. Mhudumu alimwinamia akamwambia kwamba nyota yake haikupanga kushika kitu saa hiyo. Ghanima alitikisa kichwa kukubali. Kisha akauachia upindo ule kidole kimoja kimoja, na kila kidole kilichelewa kuliko kilichotangulia. Alipokwisha aliinuka, akampita Mishi bila kumtazama.

Mishi akakaa pale alipokuwa Ghanima. "Mbaruku," aliita. Macho ya mumewe yalikuwa yamefunguka, mazuri, kama madirisha ya nyumba iliyohamwa. Alimwita tena na tena. Baadaye alitoka akaenda moja kwa moja kwa Khelef, ambaye alikuwa amekaa na wanajimu wenzake barazani.

"Shauri la jana lina kosa," alisema. "Si Msumari aliyetaka. Ni mimi. Mimi Mishi nilitaka azimwe. Niliona miguu ya watu mlangoni, nikajua kuna jambo baya, nikakataa kuangalia kwa sababu ningeangalia ningeshindwa kushtaki."

Wanajimu walinyanyuka, mmoja akaziba masikio. Mwingine, aliyekuwa kijana na mwepesi wa hoja, alisema hilo haliwezekani, kwa sababu kama mtu mmoja anaweza kutaka, basi huenda na wengine waliweza, na kama waliweza, basi waliomo kwenye mabenchi wamewekwa na nani? Alipofika hapo alinyamaza ghafla, akatazama mikono yake. Khelef akawaomba watoke.

Walipobaki wawili, mnajimu mkuu alikaa kimya kirefu kuliko desturi yake. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini iliyomzeesha, "Kunakuwaje, kutaka? Kunauma wapi?"

Mishi aliweka mkono chini ya mbavu. "Hapa. Na usoni panawaka moto."

Khelef aliweka mkono wake mahali pale pale kwake mwenyewe, akabonyeza, kama mtu anayetafuta uvimbe. Akaona kwamba anatazamwa, akautoa.

"Mchukue," alisema. "Hana nyota, kwa hiyo si raia. Sheria inamhesabu pamoja na viti. Nitasema mgeni ameondoka na kiti."

Mishi akamshika Mbaruku mkono wakatoka. Alitembea akiongozwa, akakaa akikalishwa. Walipovuka milima jua la kwetu liliwachomozea kwa nguvu zake zote, na nyota zikapotea angani, lakini Mbaruku hakubadilika. Mishi alikuwa ametumaini kwamba atabadilika pale pale. Alipoona siyo, akaiacha njia ya nyumbani. Walifikia kibanda kilichoachwa kando ya mto, wakakaa hapo.

Akamtunza. Alimwosha, akampikia uji, akamlisha kwa kijiko. Mdomo ulifunguka, ukameza, ukafunga. Kulikuwa na saa ambazo Mishi, tusimfiche, aliona raha ya ajabu. Mume wake alikuwa amerudi, hajibu, haondoki, anatazama anapogeuziwa. Ingewezekana kuishi hivyo. Angeweza kumpeleka nyumbani, amkalishe mlangoni, majirani wapite wawasalimie wote wawili. Lilikuwa wazo tamu, na Mishi aliliogopa kuliko alivyoyaogopa mapengo ya anga, kwa sababu hili lilikuwa lake.

Basi akawa anamweleza. Kila alipomlisha alimwambia, "Mbaruku, ni mimi niliyetaka uzimwe. Na sasa sehemu yangu moja inataka ukae hivi hivi." Alisema hivyo asubuhi na jioni, hakuacha hata siku alizochoka.

Kisha mchana mmoja alimpelekea kijiko, na mdomo haukufunguka. Mishi akadhani amekosea, akakisogeza. Mbaruku aligeuza uso. Aligeuza polepole, shingo ikitetemeka, kama mlango ulioshika kutu.

"Sitaki," alisema.

Mishi akakiweka kijiko chini, akatoka nje, akalia kando ya mto mpaka akaishiwa.

Baada ya hapo vilirudi kimoja kimoja, na vingi vilikuwa vidogo. Alitaka kukaa kivulini. Alitaka maji. Alitaka Mishi aache kuimba wimbo aliozoea kuimba akimwosha. Mikunjo ilirudi kati ya nyusi. Siku moja alikaa kwenye jiwe akichonga kipande cha mti, Mishi akaja akakaa mbele yake. Hakumwuliza. Mbaruku ndiye aliyeanza.

"Hukunikosea," alisema. "Ndiyo maana ilikuwa ngumu. Ungenikosea ningesema. Niliamka nikaiona siku nzima mbele yangu, na ya kesho, na zote zinafanana, nikataka nyingine. Sikutaka kukaa na wewe tena. Nikaona aibu, mtu kutaka kitu kama hicho bila kosa la mwenzake. Nikasikia kuna nchi ambako aibu hiyo haipo."

Mishi alikuwa ameyangoja maneno hayo kwa miaka. Alikuwa ameyafikiria yatakavyomponya. Yalipofika yalikata tu, kama kisu chochote, na mahali yalipokata ni chini ya mbavu.

"Nimesikia," alisema.

"Na wewe ulinizima."

"Nilikuzima."

Wakakaa. Hakuna aliyeomba radhi, hakuna aliyesamehe. Maji yalipita.

"Nataka kurudi kwa Ghanima," Mbaruku akasema.

"Watakurudisha kwenye benchi."

"Huenda. Sijui. Lakini sikuwahi kumwuliza yeye anataka nini. Hakuna aliyewahi kumwuliza, tangu azaliwe. Nataka niende nikamwulize." Akaongeza, "Wala wewe sikukuuliza."

Mishi alivuta pumzi. Ulimi ulikuwa mzito, na kila neno lilimgusa lilipopita. "Mimi sitaki uende," alisema. "Nilisema nakuja kupata jibu tu. Nilijidanganya. Nataka urudi nyumbani. Nataka nikuone ukipima mbao uani, hata kama umekasirika."

Mbaruku alikuwa ameshasimama. Alisimama vile vile kwa muda, anamtazama, na safari hii uso wake haukuwa laini. "Nimesikia," alisema.

"Basi nenda."

Akaenda. Njia ya milimani ilikuwa wazi, haina miti, kwa hiyo Mishi alimwona mgongo kwa kitambo kirefu. Alitaka kumwita. Alitaka sana, mpaka mikono yake ilikuwa imekamata nyasi na kuzing'oa. Hakuna kilichomzuia, angeinua sauti tu ingemfikia. Alikaa na kule kutaka kwake, akakuacha kuwake moto, hakukunyima jina wala hakukufuata, mpaka mgongo ule ukawa doa, na doa likaingia kwenye kivuli cha mlima.

Ndipo alipoinuka, miguu ikiwa imekufa ganzi, akafuata mto kuteremka.

Nyumbani kwao majirani walikuja kumtembelea, kama ilivyo ada. Mwanamke mmoja mwema, aliyemjua tangu utoto, alimshika mkono akamwambia asijilaumu, nyota zao hazikupatana, ndiyo maana ndoa ikavunjika.

"Hapana, dada," Mishi alisema. "Mume wangu alitaka kuondoka, akaondoka. Mimi nilitaka abaki."

Wageni walitazamana, hawakujua wampe pole ya namna gani. Mishi akawaletea chai. Walipokwisha kunywa na kuaga, alikaa kidogo kwenye kiti kilicho wazi karibu na mlango. Jua lilikuwa kali, anga haina kitu. Kisha akaifunua cherehani, akapeperusha vumbi, akatia uzi.